Kuvisha bolti zinki na nikeli kwa umeme: namna ninavyofanya karakanani kwangu Tanga

Ukitaka kujua chumvi inakifanya nini chuma, nenda Raskazone ukafungue bawaba ya dirisha linalotazama bahari. Skrubu utaikuta imebaki umbo tu. Ukiigusa kwa bisibisi kichwa kinamong'onyoka. Karakana yangu haiko mbali na maji, na kwa miaka mingi kazi niliyoletewa zaidi ni hiyo hiyo: bolti za boti, bawaba za mageti, klampu za mabomba, vishikio vya injini, vyote vimeliwa. Nilianza kwa kuvisha zinki tupu. Ilisaidia, lakini kwa hewa ya kwetu haikutosha. Siku hizi navisha zinki na nikeli kwa pamoja, katika tangi moja, kwa umeme. Nitaeleza kazi hiyo kwa vipimo vyake, maana wengi hufundishwa kwa kuonyeshwa tu, na macho peke yake hayawezi kupima mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita.

Kwanza uelewe kwa nini zinki haiachwi peke yake

Zinki hulinda chuma kwa kufa kabla yake. Kila metali ina kiwango chake cha kuachia elektroni: katika vipimo vya maabara zinki iko kwenye volti -0.76, chuma -0.44, nikeli -0.25. Maji ya chumvi yakizigusa metali mbili zilizoshikana, ile ya chini zaidi ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana bati la zinki likikwaruzwa haliozi papo hapo pale penye mkwaruzo: zinki iliyo kandokando inaendelea kujitoa kwa ajili ya chuma.

Tatizo ni kwamba pwani zinki hujitoa haraka mno. Unaona unga mweupe, kisha msimu wa kaskazi unapita, kisha wekundu.

Nikeli tabia yake ni kinyume. Yenyewe hailiwi upesi, lakini kwa kipimo kile cha volti iko juu ya chuma. Ukivisha nikeli tupu, kitundu kidogo kama ncha ya sindano kinatosha: sasa chuma ndicho kinachojitoa kwa ajili ya nikeli, na kinatobolewa kuelekea ndani huku uso ukimeta. Umeyaona hayo kwenye vyuma vya pikipiki vinavyong'aa vikiwa na vidoa vyekundu.

Aloi, yaani mchanganyiko wa metali hizo mbili, inakaa katikati. Nikeli ikiwa kati ya asilimia 12 na 15, vazi linabaki chini ya chuma, kwa hiyo bado linakilinda penye mkwaruzo, lakini linaliwa polepole kuliko zinki tupu. Katika kiwango hicho fuwele zake ni za namna moja, ile waitayo gama. Ukishuka chini ya asilimia 10 tabia inarudi kwenye zinki. Ukipanda kupita 18 vazi linakuwa kavu, linapasuka, na linakaribia kiwango cha chuma hadi linaacha kukitetea. Viwanda vya vipuri vya magari huvisha aloi hii mikroni 8 hadi 10 na kutarajia saa 720 au zaidi kabla ya kutu nyekundu, katika chumba cha ukungu wa maji ya chumvi cha kipimo cha ISO 9227, ambacho ni chumvi asilimia 5 kwenye joto la nyuzi 35.

Kuna jambo moja katika aloi hii ambalo mpaka leo linanifurahisha. Kwa kawaida metali ya juu ndiyo hutangulia kuganda kwenye kazi (kipande kinachovishwa), yaani nikeli ilipaswa kuipita zinki. Ndani ya tangi inatokea kinyume: zinki inatangulia, nikeli inabaki nyuma. Mwaka 1963 mkemia Mmarekani Abner Brenner aliuita mwenendo huu kuwa si wa kawaida, na jina hilo limebaki. Katika maji yangu, karibu theluthi ya metali iliyoyeyuka ni nikeli; kwenye bolti inatoka kama sehemu moja kwa nane. Kwa hiyo usiangalie ulichotia ndani ya tangi ukadhani ndicho kilichopo kwenye bolti. Kipime. Nitafika huko.

Bolti ambazo hutakiwi kuzigusa

Hili nalitanguliza kabla ya dukani, kwa sababu mimi nililijifunza kwa gharama ya mtu mwingine.

Nahodha mmoja wa Sahare aliniletea bolti nne za kishikio cha injini ya boti. Zilikuwa nyeusi, nzuri, na juu ya kichwa zimeandikwa 12.9, namba ya daraja la ugumu wa bolti. Nilizitia kwenye asidi kama bolti nyingine zote, nikazivisha, zikatoka safi, akaenda akazikaza vizuri jioni ile. Asubuhi alirudi na vichwa viwili mkononi.

"Fundi, hizi hazikuliwa na kutu. Zimekatika zenyewe usiku, boti imetulia."

Injini ilikuwa imefungwa kamba ya usalama, ndiyo iliyoiokoa. Yeye mwenyewe angeweza kuwa katikati ya mkondo wa Pemba. Nilimlipa bolti mpya na nikamwomba radhi, na tangu siku hiyo nasoma kichwa cha kila bolti kabla ya kuipokea.

Kilichotokea ni haidrojeni. Asidi ikila chuma hutoa haidrojeni, na umeme wa kuvisha nao hutoa haidrojeni kwenye kazi. Sehemu ya hewa hiyo, badala ya kupanda kama viputo, inapenya ndani ya chuma chenyewe. Chuma laini kinaistahimili. Chuma kigumu sana, kikishakazwa, kinakatika baada ya saa kadhaa bila ishara yoyote. Kanuni yangu ni hii: bolti za 4.6, 5.8 na 8.8 navisha. Za 10.9 zinahitaji kuokwa kwenye nyuzi 190 hadi 220, zikiingia kwenye joto ndani ya saa nne tangu zitoke tangini, na kukaa humo saa nyingi. Bila oveni inayoshika joto hilo kwa uhakika usizipokee. Za 12.9, springi, na chochote cha usukani au breki, mwambie mwenyewe apeleke kwingine. Na bolti isiyo na alama kichwani mimi siihesabu kuwa ya 8.8 kwa sababu tu mwenye mali amesema hivyo.

Vitu vya kutafuta

Tangi: ndoo au beseni la plastiki nene la lita 25, litakalobeba lita 20 za maji. Usitumie chombo cha metali ya aina yoyote. Utahitaji pia ndoo nyingine sita kwa ajili ya kusafisha na kusuuza. Wanaoanza huwa na ndoo mbili, na hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Umeme: kifaa cha mkondo mnyoofu kinachorekebishwa volti na ampea, kama kile cha mezani cha mafundi simu, ila kiwe na uwezo wa ampea 10. Betri ya gari iliyounganishwa hivi hivi haifai, maana hutaweza kuizuia. Umeme wa ukutani usiusogeze karibu na tangi. Kifaa kikae mezani juu, mikono mikavu, waya mirefu.

Anodi, yaani vipande vinavyoning'inia upande wa chanya na kuyeyuka ili kurudisha metali majini: kipande cha zinki safi ya 99.99 na kipande cha nikeli. Zinki zile zinazofungwa chini ya boti zisikushawishi. Nazipenda kwa kazi yake, lakini zimechanganywa alumini kidogo na mara nyingi kadimiamu, na kadimiamu ni sumu ambayo hutaki iingie kwenye maji yako wala mikononi mwako.

Mizani: ya sonara, inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Multimita. Karatasi za pH, yaani za kupimia ukali wa asidi. Kipimajoto. Glavu ndefu za mpira, miwani ya kufunika macho yote, aproni, buti. Chumvi za nikeli huleta upele unaorudi kila zikimgusa mtu aliyekwisha kuathiriwa, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huleta saratani. Kwa hiyo hakuna kula, hakuna chai, hakuna sigara pale, na chumvi zipimwe taratibu pasipo na upepo huku umevaa barakoa ya vumbi. Watoto wasifike.

Kemikali zenyewe, kwa hapa Tanzania, zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na udai karatasi ya usalama ya kila kemikali. Mfuko usio na jina usiuchukue hata kama ni wa bure.

Maji ya tangi

Kwa kila lita mimi naweka zinki kloraidi gramu 120, nikeli kloraidi ya fuwele za kijani gramu 120, potasiamu kloraidi gramu 230, na asidi ya boriki gramu 25. Kwa lita 20 ni kilo 2.4, kilo 2.4, kilo 4.6 na nusu kilo. Kuna fomula za zamani zinazotumia amonia kloraidi badala ya potasiamu. Zinavisha vizuri, nakiri, lakini amonia inaikumbatia nikeli ndani ya maji, na siku ya kusafisha maji machafu nikeli inakataa kutuama. Mimi nafanya kazi hatua chache kutoka baharini, kwa hiyo nilichagua potasiamu.

Tumia maji yaliyochujwa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri; maji, siyo asidi. Maji ya mvua safi yaliyokingwa kwenye plastiki nayo yanafaa. Maji ya kisima ya kwetu yana chokaa na chuma, usiyatie tangini.

Pasha lita 10 mpaka zifike joto la kuoga, yeyusha asidi ya boriki kwanza kwa sababu ndiyo mvivu, kisha potasiamu, kisha nikeli, mwisho zinki. Zinki kloraidi hutoa joto ikiingia majini, itie kidogo kidogo. Jaza hadi 20, koroga, acha usiku mzima, chuja kwa kitambaa kizito cha pamba. Maji yatakuwa ya kijani kama chupa ya soda. pH iwe kati ya 5 na 5.5. Ikipanda, tone za asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa. Ikishuka, potasiamu haidroksaidi iliyopunguzwa, taratibu huku unakoroga.

Joto: nafanyia kwenye nyuzi 30. Ukipandisha joto nikeli kwenye vazi inaongezeka, kwa hiyo usivishe leo saa nane mchana na kesho alfajiri ukategemea aloi ile ile. Mimi huanza saa tatu asubuhi, kila siku ya kazi.

Kuna dawa za kung'arisha na za kulainisha maji ambazo wauzaji wa kemikali za kuvisha huuza. Bila hizo vazi linatoka la kijivu lisilometa, na kwa bolti ya boti kijivu kinatosha. Lakini ya kulainisha maji inafaa kuinunua. Bila hiyo viputo vinang'ang'ania kwenye chuma na kuacha vishimo.

Kusafisha

Hapa ndipo muda wangu mwingi unapokwenda, na kijana ninayemfundisha hukaa mwezi mzima kwenye ndoo hizi kabla hajashika waya wa umeme.

Ondoa kutu na rangi kwa brashi ya waya na msasa. Bolti iliyochimbika vishimo vya kutu itupwe. Umeme hauzibi shimo, unapita juu yake na kuacha unyevu ndani.

Mafuta yanafuata. Ndoo ya kwanza ina maji ya moto, nyuzi 60 hadi 70, yenye kostiki soda gramu 40 kwa lita na magadi gramu 30 kwa lita. Magadi ni yale yale tunayoyajua, sodiamu kaboneti. Lakini tumia ya kiwandani yaliyo safi, ya mawe ya sokoni yana udongo. Bolti zikae dakika 10 hadi 15, zikitikiswa. Kostiki ikikurukia jichoni inaharibu jicho kuliko asidi, kwa hiyo miwani isivuliwe hata kama umande wa mvuke unakuudhi.

Suuza ndoo ya pili. Sasa itoe bolti, ielekeze kwenye mwanga utazame maji yanavyokaa. Yakitanda yote kama ngozi moja, iko safi. Yakijikusanya kuwa matone, au yakakimbia sehemu fulani, mafuta bado yapo: rudi ndoo ya kwanza. Usiendelee kwa kuona haya ya kurudia. Vazi linalobanduka baada ya miezi mitatu lilibandukia hapa.

Ndoo ya tatu ni asidi ya haidrokloriki. Ile ya dukani ya asilimia 33 ipunguze: sehemu mbili za maji, kisha sehemu moja ya asidi juu yake. Asidi huingia kwenye maji. Ukifanya kinyume inachemka na kukurukia. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni, mbali na moto kwa sababu ya haidrojeni, na mbali kabisa na Jik, kwa sababu zikikutana hutoa hewa ya klorini. Bolti zikae dakika 2, zisizidi 5. Mara tu chuma kinapokuwa cha kijivu safi, toa. Kila dakika ya ziada unaingiza haidrojeni bure.

Ndoo ya nne na ya tano ni za kusuuza, ya pili ikiwa na maji safi kuliko ya kwanza. Ya sita ina asidi kidogo sana, karibu asilimia 5, ya kuamshia uso kwa sekunde chache; kutoka hapo suuza mara moja na uingie tangini bolti ikiwa bado imelowa. Ukiiacha ikauke kwenye upepo wa bahari, inapata kutu nyepesi ya rangi ya chungwa mbele ya macho yako.

Hesabu kabla ya swichi

Umeme haupangwi kwa kipande, unapangwa kwa eneo la uso. Mimi natumia ampea 2 kwa kila desimita moja ya mraba, yaani sentimita 100 za mraba.

Chukua bolti ya M10 yenye urefu wa milimita 60. Shina ni kama silinda ya kipenyo cha sentimita 1 na urefu wa sentimita 6, inatoa sentimita 19 za mraba. Kichwa na ncha, kama 9. Uzi una mabonde, ongeza 4. Jumla 32. Bolti kumi ni 320, yaani desimita 3.2. Zidisha kwa 2: ampea 6.4. Volti zitajipanga zenyewe, mara nyingi kati ya 2 na 4. Wewe shikilia ampea.

Muda unatokana na kazi ya Michael Faraday ya miaka ya 1830: metali inayoganda inalingana na umeme uliopita. Ampea moja kwa saa moja inaleta gramu 1.22 za zinki, au gramu 1.1 za nikeli. Kwa ampea 6.4 na dakika 20, ukiondoa kidogo kilichopotea kwenye haidrojeni, utapata kama gramu 2.4 kwa bolti zote kumi. Hiyo ndiyo mikroni 10.

Kwa hiyo pima bolti kwenye mizani zikiwa safi na kavu kabla ya kundi la kwanza, na zipime tena baada ya kuvishwa. Zikiongezeka gramu 2.4, hesabu yako ni kweli. Zikiongezeka gramu 1.5, waya haushiki vizuri au eneo ulilikosea. Andika daftarini. Daftari langu la kwanza lina makosa matupu na silitupi, kwa sababu ndilo linaloniambia hali fulani ilitokana na nini.

Jihadhari na nyuzi za bolti: vazi la mikroni 10 linaongeza kipenyo cha uzi kwa mara nne ya unene wake, yaani mikroni 40. Ukijidai kuvisha mikroni 20 ili idumu zaidi, nati haitaingia, na mteja ataikaza kwa nguvu mpaka akwangue vazi lote. Mimi sivuki 10 kwenye M10, na kwenye M6 naishia 6.

Kuvisha

Funga kila bolti kwa waya wa shaba chini ya kichwa, mzunguko mmoja na nusu, ukaze. Zining'inie bila kugusana, zote umbali sawa kutoka kwenye anodi. Bolti kwenye hasi, anodi kwenye chanya. Ukigeuza utaziyeyusha bolti za mtu.

Nina vifaa viwili vya umeme: hasi zote mbili zinakwenda kwenye bolti, chanya ya kimoja kwenye zinki, ya kingine kwenye nikeli. Kwa ampea 6.4, nikeli naipa 0.9 na zinki 5.5, ili kila metali irudi majini kwa kiasi ambacho imetoka. Ukiwa na kifaa kimoja, ning'iniza zote mbili pamoja, nikeli iwe ndogo sana kuliko zinki, na uwe unapima maji mara nyingi zaidi.

Washa umeme mara tu bolti zinapoingia. Tikisa polepole fremu inayobeba bolti muda wote. Nilitengeneza mkono mdogo unaoendeshwa na mota ya kifuta kioo cha gari. Ukimaliza, itoe anodi ya zinki, isuuze na uiweke kando. Ukiiacha humo umeme ukiwa umezimwa, inayeyuka yenyewe na nikeli kutoka majini inaganda juu yake kuwa masizi meusi. Kesho yake nikeli yako imepungua na masizi yamezagaa kwenye maji.

Ukiona kingo na pembe zimekuwa nyeusi na zinachanika, ampea zimezidi. Vazi la unga linalofutika kwa kidole ni hivyo hivyo, au pH imepanda. Likibanduka kama ganda la kitunguu, nenda kwenye ndoo ya kwanza. Ndani ya mabonde na pembe za ndani litakuwa jembamba siku zote. Maji haya ya asidi hayasambazi metali sawasawa, na yale ya alkali yanayotumika viwandani yanashinda kwa hilo. Kwa vitu vyenye mapango, kama klampu, geuza upande katikati ya kazi. Bolti ikidondoka chini ya tangi itoe siku hiyo hiyo. Chuma chake kikiyeyuka kinachafua maji.

Baada ya tangi

Suuza mara mbili. Kama ni za kuokwa, zinakwenda kwenye joto sasa, kabla ya dawa yoyote. Kisha inafuata pasivesheni, dawa inayofunga uso kwa utando mwembamba. Nunua ile ya kromiamu tatu iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki na nikeli, na ufuate karatasi yake kwa sekunde na pH. Atakayekuletea ile ya kromiamu sita, ya njano au ya chungwa, na kukwambia inafanya kazi vizuri, anasema kweli, na bado uikatae. Inaleta saratani, na karakana zetu hazina vifaa vya kuidhibiti. Ukikosa ya kromiamu tatu, kausha bolti, zipake girisi ya baharini au praima ya epoksi. Hazitadumu sawa, lakini hutamdhuru mtu.

Sasa kile kipimo nilichokuahidi. Yeyusha gramu 50 za chumvi katika lita moja ya maji. Tumbukiza vipande viwili viwili kwa pamoja bila kugusana, waya za multimita juu yake, kwenye volti za mkondo mnyoofu. Kwanza zinki safi dhidi ya chuma kitupu: andika tofauti. Kisha zinki safi dhidi ya kipande chako kilichovishwa bila pasivesheni, kisha kipande hicho dhidi ya chuma. Kilichovishwa kikae katikati: juu ya zinki, chini ya chuma. Kikikaribia zinki kabisa, nikeli ni kidogo. Ongeza joto nyuzi mbili tatu au nikeli kloraidi kidogo. Kikikipita chuma, nikeli imezidi na vazi hilo ni la hatari, livue. Ni kipimo cha dakika kumi na kinanionyesha jambo ambalo rangi haionyeshi.

Maji machafu

Maji ya kusuuzia yana zinki na nikeli. Hayamwagwi mtaroni, mtaro wa Tanga unaishia baharini, na samaki wa bahari hiyo ndio tunaokula. Nayakusanya kwenye pipa, nayapandisha kwa chokaa mpaka pH 10, nakoroga, naacha siku mbili. Metali zinatuama kuwa tope la kijani hafifu. Usipite 11, zinki inaanza kuyeyuka tena. Maji ya juu nayachuja na kuyarudisha pH kwenye 7 au 8 kabla ya kuyaachia, na tope nalikausha kwenye ndoo yenye kifuniko na lebo, linachukuliwa na wenye kibali cha kubeba taka hatarishi. Kwangu ndoo moja hujaa kwa muda mrefu, kwa hiyo gharama yake naigawa kwenye bei ya kila bolti, na mteja akiuliza namwambia ni ya nini.

Mti wa majaribio

Pale Sahare yule nahodha aliniruhusu nigongomee ubao kwenye boriti ya mkoko, mahali maji ya kujaa yanaporukia. Kila kundi jipya la maji linapotengenezwa, natundika bolti tatu za 8.8: moja tupu, moja ya zinki, moja ya zinki na nikeli, zote zimekwaruzwa msalaba kwa kisu hadi kwenye chuma, na tarehe kwenye kibati. Ile tupu inakuwa nyekundu ndani ya siku chache. Kwenye ile ya zinki tazama unga mweupe unavyotokea kwanza kandokando ya mkwaruzo. Kwenye ya tatu unatafuta kitu kimoja tu, wekundu ndani ya msalaba ule. Ukiuona mapema kuliko kwenye ya zinki, rudi kwenye multimita, nikeli yako imepita kiasi. Nahodha ndiye anayezitazama kila akitoka kuvua, na hunipigia simu kabla sijafika mwenyewe. Bolti za injini yake sasa ni 8.8 nene zaidi kidogo, na kila mwezi anazigusa kwa spana.